NDEGE NAO WANA ZAMU YA MAJI?

Masela wa kijiweni wananicheka, eti mwanaume mzima kamaliza likizo kalala kifudifudi kwenye tope anamvizia tetere. Haya, chekeni. Lakini simu ikianza kuzunguka mkono kwa mkono, kila mmoja anauliza: "Hapa wapi hapa, Ulaya?" Si Ulaya bwana. Ni Kighare, Usangi, milima ya Upare Kaskazini, nyuma ya jiko la mama mdogo.

Mpenzi msomaji, kumpiga picha ndege si kama harusi. Kwenye harusi watu wanajipanga wenyewe, tena wanagombania mbele. Ndege ukimfuata, anakula kona. Dawa ni kumwita, na wakati wa kiangazi hakuna mwito unaoshinda maji. Wenzetu wameshaifanya biashara. Yuko Mhungaria mmoja, Bence Máté, aliyebuni vibanda vya kujificha kando ya vidimbwi kule Zimanga, Afrika Kusini. Unakaa ndani nyuma ya kioo, macho yako yako sawa na maji, ndege anakuja kunywa na sura yake inaonekana chini yake kama pacha. Watu wanapanda ndege ya chuma kwenda kumwona ndege wa manyoya! Mimi hela hiyo sina. Nilikuwa na Agosti nzima, jembe, na baba mdogo.

Na baba mdogo kwenye maji usimchezee. Wapare hatukuanza jana. Tuna ndiva, yaani bwawa la udongo na mawe: jioni linazibwa, kijito kinalijaza usiku kucha, asubuhi linazibuliwa na maji yanashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mtu na zamu yake. Ndiva nyingi zilikuwa mali ya ukoo. Msaragambo ukiitwa kwenda kuondoa tope, unabeba jembe unakwenda, huleti hadithi za mjini. Mzee huyu kakulia humo. Nailoni nyeusi niliyoinunua Mwanga mjini aliitazama, akaichukua, akafunikia kuni zake.

"Udongo upo, baba. Vua viatu."

Tukaleta udongo wa mfinyanzi, tukaumwagia maji, tukaukanyaga kwa miguu mpaka mapaja yakalia. Kidimbwi chenyewe si kikubwa, kama meza ya kulia watu wanne. Jambo la maana ni kina. Ndege mdogo haogi penye maji mengi, anataka yamfikie magotini tu. Kwa hiyo ukingoni tuliacha maji ya unene wa ukucha, yanashuka taratibu, na katikati hayazidi urefu wa kidole. Tukapanga mawe yenye ukoga wa kijani, tukachomeka tawi kavu la kutua. Kichaka kiwe karibu, ili kipanga akipita wapate pa kukimbilia, ila nyuma ya maji pabaki wazi hatua nyingi, picha itoke na ukungu laini badala ya fujo za majani. Halafu ule utundu wenyewe: kidumu cha lita 5, kimetobolewa kwa sindano, kinaning'inia juu ya maji. Ti... ti... ti. Ndege anasikia tone kabla hajaona maji.

Basi kabla ndege hawajaja, wakaja wazee.

Wa kwanza alitaka kujua nauza ndege gani. Usimlaumu. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016, ndege wakiwemo, lakini enzi za vizimba watu hawajazisahau. Nikamwonyesha kamera, akatulia. Wa pili ndiye aliyenibana. Aliangalia kidimbwi, akaangalia maharage yake yaliyokuwa yanasinyaa huko bondeni, akauliza kwa upole kabisa: "Kijana, ndege naye ana zamu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mwezi wa nane mtu anaamka usiku kulinda zamu yake ya maji, halafu mtoto wa mjini anawajazia ndege beseni! Nilikuwa nafungua mdomo, baba mdogo akaniwahi: "Ndiva haitaguswa wala mfereji. Yatatoka kichwani kwake."

Na yalitoka kichwani kwangu kweli. Ndoo 2 kila alfajiri kutoka bombani, foleni kama mtu yeyote, mabinti wakinitania njia nzima. Kila siku ya tatu nakimwaga chote kwenye mchicha wa mama mdogo, maana maji yakilala wiki unafuga viluwiluwi vya mbu. Yule mzee alipita siku ya kumwaga, akaona maji yanaingia kwenye mboga. Hakusema kitu. Kesho yake mjukuu wake akaniletea mawe mawili mazuri ya ukingoni.

Siku ya tatu alitua shore, kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, akanywa kama mwenye nyumba. Kisha tetere. Kisha kundi la vile vidogo vya kijani vyenye duara jeupe jichoni kama wamevaa miwani. Wanaoga kwa pamoja, matone yanaruka, unahitaji kasi ya moja ya elfu ya sekunde kuyakamata. Aina yake moja inaishi Upare Kusini tu, Same huko, kwenye msitu wa Chome penye kilele cha Shengena, na duniani kote haipo kwingine. Nilimwambia baba mdogo pengine naye atakuja. "Huyo wa Same," akasema, "ana maji kwao."

Kilichoninyima usingizi ni manati. Ukiwakusanya ndege mahali pamoja umewapangia foleni ya kufa, na vijana wa jirani waliiona hiyo mapema kuliko mimi kuwasha kamera. Baba mdogo aliwaita wote, akawakalisha hapo hapo kwenye mawe: penye maji hapapigwi. Nao nikawapa zamu za kuchungulia kwenye kamera. Watatu walishika. Wa nne sijui. Na mimi likizo ilikuwa inakwisha, nani atajaza, nani atalinda? Nilikuwa nimeshajiandaa kukifukia kabla sijapanda basi.

Mama mdogo, ambaye mwezi mzima hakutia neno, akasema niache jembe.

Jumapili iliyopita kapiga simu. Wale wenye miwani wamekuja na watoto, wa nne kanyang'anywa manati, na ndoo imetoboka. Nimemtumia elfu 10 ya ndoo mpya, kasema haitoshi, bei imepanda.