Plasta kwenye mkono wa jezi

Zamu hii ni yangu. Niliambiwa niandike juu ya safari ya Rwanda, nikakataa mara mbili. Sababu ni jezi. Wacha nieleze.

Mimi ni shabiki wa Arsenal, Mungu anisaidie. Jezi yangu ni feki ya soko la Mbarara, lakini ni feki yenye heshima zake: mkononi wameandika Visit Rwanda, kama ile ya kweli. Arsenal walianza kuvaa maneno hayo mwaka 2018. Miaka yote hiyo niliyaona bila kuyasoma, kama mtu anavyoona maandishi kwenye gunia la unga. Kilichokuwa kinanihusu ni magoli.

Halafu ikaja Januari 2025. Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Shangazi yangu anakaa Goma, na kwa siku nne simu yake haikupatikana. Sisi wenyewe tulitoka Rutshuru mwaka 2012, nikiwa na miaka kumi na mmoja, tukapitia Bunagana kuingia Uganda. Baba alibaki nyuma kufunga nyumba. Kwetu tunasema hivyo hadi leo: baba bado anafunga nyumba. Hakuna anayeongeza neno.

Siku ya tatu ya kumtafuta shangazi nilivaa jezi bila kufikiri, nikainua mkono kupiga simu, na hapo nikayasoma yale maneno. Nilichukua plasta pana nikafunika. Mashabiki wa Arsenal tulikuwa saba pale mtaani kwetu, Nakivale. Wiki ile wanne tukabandika plasta, na mmoja akakata mkono mzima, akawa anatembea na jezi ya mkono mmoja kama mtu aliyetoka ajalini. Mwezi wa pili serikali ya Kongo ikaandika barua kwa Arsenal, Bayern na PSG kuwaomba waachane na tangazo hilo. Bana, tulijiona tumetangulia serikali! Na mwaka huohuo Kongo nayo ilipoandikwa kwenye jezi za mazoezi za Barcelona, kuna watu walihama timu.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda inawasaidia M23. Rwanda inakanusha. Sikuja hapa kufungua kesi hiyo. Nataka tu mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku kikundi chetu kilipopata mwaliko wa kutembelea vijana wenzetu wa kambi ya Mahama, na jina langu likawa kwenye orodha.

Mama alinyamaza. Rafiki yangu mmoja akasema, “Wewe nenda tu, wakikupa chai usinywe.” Alikuwa anatania, lakini si sana.

Tulipita Mbarara, Ntungamo, mpaka mpakani Kagitumba. Mpaka wa Gatuna wote mnaujua, ule uliofungwa tangu mwaka 2019 hadi 2022 Uganda na Rwanda zilipokosana, kwa hiyo hata kwa Waganda wenyewe kuvuka kule si jambo la kuchukulia kirahisi. Nilivaa jezi ndani, sweta juu. Begi likafunguliwa, na kaveera niliyofungia viatu ikachukuliwa, maana kule mifuko ya plastiki ni marufuku tangu mwaka 2008. Viatu nikavibeba mkononi. Joto likazidi, nikavua sweta nikiwa bado kwenye foleni. Nikatoa hati yangu ya kusafiria, ile ya wakimbizi yenye mistari miwili ya mshazari kwenye kona ya jalada. Hiyo nayo ni alama: kabla hawajafungua kusoma jina lako wameshajua huna pa kurudi.

Afisa akaitazama hati, akanitazama mimi, kisha ile plasta.

“Umeumia mkono?”

Nilikuwa nimejiandalia majibu makali njia nzima. Nikasema, “Kidogo, afande.”

“Pole,” akasema, akagonga muhuri.

Baada ya hapo gari likahamia upande wa kulia wa barabara, nami nikawa nafunga macho kila lori likija mbele yetu. Kayonza, Kirehe, halafu Mahama, karibu na mto Akagera, ng’ambo yake Tanzania.

Sasa hapa ndipo nilipopotea. Nilijiandaa kuingia nchi ya adui, nikajikuta nimeingia nyumbani. Alama zilezile kila ukuta. Ule mkono ulioshika masuke ya nafaka kwenye magunia. Mama na mtoto wa UNICEF. Msalaba mwekundu, ambao kumbe si wa kanisa, ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Ramani ya Umoja wa Mataifa, iliyokubaliwa tarehe 7 Desemba 1946, inayoitazama dunia kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini ikiwa imezungushiwa matawi ya mzeituni. Na ile ya UNHCR, mikono miwili imemkinga mtu aliyesimama katikati. Nakivale tuna utani kwamba yule mtu anasubiri kuitwa intavyu ya kwenda Canada. Nikautoa utani huo Mahama, nikidhani ni wetu. Wakacheka kabla sijamaliza. Wanao huohuo.

Aliyepangwa kunitembeza ni kijana wa umri wangu. Kiswahili chake kizuri, lakini akiongea na wenzake ni Kinyarwanda. Nikamuuliza kama ni Mrundi, maana Mahama ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi.

“Hapana. Mimi Mukongomani kama wewe. Kwetu Masisi.”

Niseme ukweli, moyo wangu ulijifunga. Nakivale wapo wengi kama yeye, Wakongomani wanaoongea Kinyarwanda, na mkigombana kwenye foleni ya maji kuna neno linatoka haraka: “Rudi kwenu Rwanda.” Nimewahi kulisema, tena nikiwa nimevaa kizibao cha kujitolea. Na kambi yetu yenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilianzishwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Hilo huwa hatulikumbuki kwenye foleni.

Yeye aliiona plasta, akaelewa bila kuuliza. Naye shabiki wa Arsenal, naye ana jezi, haijafunikwa. Tulikaa kivulini akanieleza. Bibi yake alikimbia Masisi mwaka 1996 akaishia kambi ya Mudende. Mwaka 1997 Mudende ikashambuliwa, watu wakauawa wengi, waliobaki wakapelekwa Gihembe. Yeye alizaliwa Gihembe. Gihembe ikafungwa mwaka 2021, wakaletwa huku. Kongo hajawahi kuikanyaga hata siku moja.

“Wewe unakasirika na neno la pili,” akaniambia. “Mimi la kwanza ndilo linanisumbua. Visit. Nina miaka ishirini na minne, bado natembelea.”

Sikuwa na jibu. Tukarudi kwenye magoli.

Usiku mvua ikanyesha, kesho yake nikateleza kwenye tope mbele ya watu wote, na bibi yake akaichukua jezi kuifua. Nilikataa, akanitazama kama wanavyotazama mabibi, nikavua. Nilirudi saa kumi kuichukua. Ilikuwa imekauka, imekunjwa vizuri, plasta haipo. Bibi alikuwa na sindano yenye uzi mweusi imechomekwa kwenye kitenge.

“Mutoto,” akasema, “nilitoa ile plasta ili nikushonee. Nimetafuta fasi yenye ilipasuka, sikuiona.”

Mjukuu wake akageukia ukutani kucheka. Mimi nikasema asante bibi, nitaangalia mwenyewe. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Rutshuru. Akauliza kama ile njia ya kwenda Masisi kupitia Sake bado ina mabonde yenye ng’ombe. Nilitoka nikiwa mtoto, sikumbuki. Nikamwambia bado yapo.

Shangazi alipatikana, msiwe na wasiwasi, yuko hai ingawa kazi hana. Nakivale nilirudi na jezi kwenye begi. Jumamosi ya mechi iliyofuata niliivaa nikatoka, nikarudi mlangoni, nikavaa sweta juu. Jumamosi ya pili nikafanya vilevile. Plasta ninayo, boksi zima. Gundi ya ile ya zamani imebaki mkononi, inashika vumbi, na ukikaribia unayasoma yale maneno katikati ya uchafu. Yule mwenzetu wa mkono mmoja ananiuliza kila siku kama kule nilikunywa chai.

Nilikunywa. Vikombe viwili, yenye maziwa.