Daraja na Wapitao Chini Yake

Kwa miaka mingi mtu atokaye Chato kwenda Mwanza alifika Busisi akasimama. Mbele yake palikuwa na maji ya Ghuba ya Mwanza. Ng'ambo ya pili Kigongo ilionekana dhahiri kwa macho, lakini haikufikika kwa miguu. Alingoja kivuko pamoja na wachuuzi, wagonjwa na wanafunzi, na kivuko kikichelewa walichelewa wote sawasawa, tajiri kwa maskini. Tarehe 19 Juni 2025 subira hiyo ilikoma. Siku hiyo lilifunguliwa daraja la urefu wa kilomita 3 hivi, lenye jina la John Pombe Magufuli, mwana wa Chato, aliyeliwekea jiwe la msingi mwezi wa Desemba 2019 na asijaliwe kuliona limekwisha.

Faida ya daraja kwa wanadamu haihitaji wakili. Lakini nguzo zake zimesimama katika maji yenye wenyeji wao, na wenyeji hao hawakuulizwa neno. Je, daraja liwaunganishalo watu huwaunganisha pia konokono na wadudu wa majini, au huwatenga, au haliwahusu kabisa?

Kila jamii ya viumbe ina urithi wake, uitwao jeni, ambao mzazi humwachia mtoto. Jamii mbili zikitengana pasiwe na kuzaana baina yao, urithi wa kila moja hushika njia yake, na vizazi vikipita vingi huenda zikawa aina mbili mbalimbali. Zikikutana na kuzaana, urithi hutiririka kutoka huku kwenda kule. Ziwa Viktoria ni shahidi mkubwa wa jambo hili. Lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na juu ya hayo samaki wake wa jamii ya sato na furu wamegawanyika kuwa aina mamia. Mbipi, samaki wadogo wakaao katika mawe, hutofautiana kisiwa kwa kisiwa hata ndani ya Ghuba ya Mwanza yenyewe. Mmoja wao alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Mahali ambapo mvuvi huona mwendo mfupi wa kasia, mkaa mawe huona jangwa la tope.

Ikiwa tope ni jangwa, basi nguzo ya zege ni kisima kilichochimbwa katikati ya jangwa. Hivyo ndivyo mtu angefikiri, na baharini fikira hiyo ina ukweli. Chaza akisha kushika jiwe haendi tena mahali. Lakini watoto wake huachwa majini wangali wadogo mno, wakaelea kwa siku nyingi, mkondo ukawachukua utakako, hata wapate kitu kigumu cha kushika. Pwani ya mchanga haina kitu hicho. Mtu akijenga gati, au ukuta, au nguzo kama zile za Daraja la Tanzanite lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2022, huwa amewatilia kituo njiani bila ya kukusudia. Mtoto ambaye angepotea mchangani hupata makao, huzaa, na uzao wake hufika asikofika yeye.

Haifai, hata hivyo, kudhani kuwa kila ukuta ni neema. Katika pwani ya Italia ielekeayo Bahari ya Adriatiki, ambako mchanga ni mwingi na kuta za kuvunja mawimbi zimejengwa kwa wingi, wataalamu walimchunguza konokono mwenye gamba mfano wa kofia. Waliwalinganisha wakaao juu ya kuta na wakaao juu ya miamba ya asili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa wale wa kutani walikuwa na urithi wa namna chache kuliko wenzao wa miambani. Makao mapya yalipata wakazi, lakini wakazi wenyewe walikuwa maskini wa urithi. Mfugaji wa Usukuma hatashangaa: ng'ombe mia waliotoka katika tumbo moja hujaza zizi vizuri sana, mpaka siku ugonjwa uingiapo.

Mwenye kuichukua hekima hiyo ya baharini na kuileta Busisi bila ya kuipima atakosea. Konokono wa ziwa hawaachi watoto waeleao mkondoni. Yule aitwaye Bellamya huzaa watoto wenye gamba tayari. Biomphalaria, ambaye gamba lake ni bapa kama sarafu, hubandika mayai yake juu ya jani au jiwe, na mtoto hutoka akitambaa. Kwa viumbe hawa nguzo iliyo peke yake katikati ya ghuba haiwezi kuwa kituo cha njiani, maana njia yenyewe hawana. Husafiri kwa bahati: juu ya gugumaji lisukumwalo na upepo, katika wavu uliolowa, chini ya mtumbwi. Kwa hiyo gati la Nyamirembe na mialo ya Chato, ambako vyombo hufika na kuondoka kila siku, huenda vikawa na neno kubwa kwao kuliko daraja lote. Tena Biomphalaria ni dume na jike katika mwili mmoja, na akikosa mwenzi hujitungisha mwenyewe. Mmoja aliyeanguka kutoka wavuni aweza kuanzisha ukoo mzima.

Kama habari ingeishia hapo, msomaji angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtu mzima ajishughulishe na konokono. Lakini Biomphalaria ndiye mlezi wa kichocho cha tumbo. Yai la mnyoo hutoka katika choo cha mgonjwa, huangulika majini, na kilichomo humwingia konokono. Humo huzidi kuwa maelfu, nao hutoka na kupenya ngozi ya mtoto achotaye maji au mvuvi avutaye wavu. Na minyoo hii huoana wapi? Majini haioani, wala ndani ya konokono. Huoana katika mishipa ya damu ya mwanadamu, dume akiwa amemkumbatia jike, na hukaa humo kwa miaka.

Hapa swali la daraja hugeuka. Mtu aliyeoga Chato juma hili na Mwanza juma lijalo huenda akawa amekusanya mwilini mwake minyoo ya pande zote mbili, na urithi wa pande mbili ukachanganyika ndani yake. Konokono hakuvuka ghuba, ila mnyoo alivuka, akiwa ndani ya abiria aliyelipa nauli. Kivuko nacho kilifanya kazi hiyo hiyo. Daraja limeondoa tu kungoja. Watu hutegemea dawa moja, prazikwanteli, ambayo wanafunzi hupewa shuleni. Ikiwa siku moja mnyoo wa mwalo fulani atapata urithi wa kuistahimili dawa hiyo, itakuwa lazima kujua kama urithi huo utabaki pale ulipozaliwa au utapanda basi.

Basi mwenye kutaka kuchunguza nguzo za Busisi na akusanye konokono wa nguzoni, wa miamba ya asili iliyo karibu, na wa matete ya pande zote mbili, kisha aende Chato afanye vivyo hivyo, akiandika mahali na tarehe juu ya kila chupa. Lakini asiishie majini. Itambidi pia afike stendi ya Chato kabla ya basi la alfajiri kuondoka, awaamkie abiria, na awaulize mmoja mmoja: juma hili ulioga wapi?