Stanley wa Ujiji na Stanley wa Alderley

Mgeni afikaye Ujiji hupelekwa kwanza kwenye mnara wa kumbukumbu, karibu na miembe inayosemekana kuwa ni vizazi vya ule mwembe wa kale. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, baada ya mwendo wa miezi mingi kutoka Bagamoyo. Nilifika hapo mwezi wa Shaaban pamoja na watoto watatu: wawili ni wa kuwazaa, na wa tatu ni yatima wa marehemu rafiki yangu, ambaye tunamlea tangu akiwa na umri wa miaka minne. Mwaka huu anaanza shule ya sekondari, na tangu fomu zilipoletwa nyumbani amekuwa akiniuliza, kwa adabu lakini bila kuchoka, kama aweza kuandikishwa kwa jina langu.

Basi aliposoma maandishi ya pale, aliuliza: “Baba, huyu Stanley alikuwa ni jina la baba yake?”

Halikuwa. Mtu huyo alizaliwa Denbigh, nchini Wales, mwaka 1841, nje ya ndoa, na akapewa jina la John Rowlands. Mama yake hakumlea. Alipokuwa mtoto mdogo wa miaka mitano au sita alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakulia humo. Mwaka 1859 alivuka bahari akiwa baharia wa meli, akashuka New Orleans, na huko akajipachika jina la mfanyabiashara mmoja tajiri. Yeye mwenyewe aliandika kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe, lakini wanahistoria waliofuatilia habari hiyo wameitilia shaka kubwa. Kijana wangu alisikiliza kimya kuliko kawaida yake.

Jina hilo la kuazima likaenea kuliko majina mengi ya halali. Kati ya mwaka 1874 na 1877 mwenyewe alivuka bara zima kutoka Bagamoyo hadi Boma, akibebewa mizigo na waungwana wa Unguja na Mrima, wengi wao wakiwa ni Waislamu, na wengi wao hawakurudi makwao. Njiani, mwaka 1875, aliwapiga risasi watu wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Nyanza, na aliandika habari hiyo bila haya. Kisha akamtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Maporomoko ya Mto Kongo yakaitwa kwa jina lake, na mji uliokua hapo ukaitwa Stanleyville. Mwaka 1887 liwali wa maporomoko hayo aliwekwa kuwa Hamed bin Muhammad el Murjebi, yaani Tippu Tip wetu. Mwaka 1966 mji ulirudishiwa jina la Kisangani, na maporomoko sasa ni Boyoma. Mlima Stanley ungali na jina hilo mpakani mwa Uganda na Kongo, nao hufika mita 5,109.

Ajabu moja ndogo: Stanley ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la ukoo. Katika Kiingereza cha kale maana yake ni uwanja wenye mawe uliofyekwa msituni. Na Wakongo, bila kujua hilo, walimpa lakabu ya Bula Matari, mvunja mawe.

Wenye jina hilo kwa nasaba ni watu wengine kabisa. Ni ukoo wa mabwana wa kaskazini ya Uingereza, Maeli wa Derby, ambao babu yao alimsaidia Henry wa Saba kuupata ufalme mwaka 1485. Mmoja wao alikuwa waziri wa makoloni katika miaka ya 1840, na kwa sababu hiyo tu mji mkuu wa visiwa vya Falkland unaitwa Stanley, na vilevile kitongoji kimoja cha Hong Kong. Katika gereza la kitongoji hicho upo msikiti, uliojengwa mwaka 1937 kwa ajili ya askari magereza Waislamu kutoka Bara Hindi. Mwana wa waziri huyo akawa Gavana Mkuu wa Kanada. Kombe la mpira wa magongo wa barafuni alilolitoa mwaka 1892 hugombewa hadi leo, na bustani kubwa ya Vancouver ina jina lake. Vijana wanaofuata mpira wa Uingereza huenda wakaijua bustani ya Stanley jirani na kiwanja cha Anfield.

Nayataja haya upesi, kwa kuwa Stanley niliyetaka kuwasimulia watoto ni mwingine. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mgeni wa ndugu zetu wa Manchester, niliomba nipelekwe Nether Alderley, katika jimbo la Cheshire. Kanisa la mawe, kinu cha zamani, mashamba ya kijani kibichi. Na mbele yake Alderley Park, ambayo siku hizi ni maabara za sayansi na nyumba mpya. Mahali hapo palikuwa makao ya tawi dogo la ukoo huo, na bwana wake wa tatu, aliyezaliwa mwaka 1827, naye aliitwa Henry Stanley. Alifanya kazi za ubalozi, akasafiri sana nchi za Mashariki, akasilimu, akajiita Abdul Rahman. Mwaka 1869 baba yake alifariki, akarithi cheo na kiti katika Baraza la Malodi. Ndiye Mwislamu wa kwanza kuketi humo. Inasimuliwa kwamba alivifunga vilabu vya pombe katika ardhi yake. Hata hivyo alitoa fedha kukarabati makanisa kadhaa kisiwani Anglesey, na lile la Llanbadrig lina vigae vya buluu na nakshi ambazo mtu wa pwani angezitambua mara moja.

Huyu pia alitugusa sisi, ingawa hakuja na bunduki. Mwaka 1866 alitafsiri na kuchapisha kwa Kiingereza maelezo ya Duarte Barbosa, Mreno wa karne ya 16, juu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo imo Kilwa ya nyumba ndefu za mawe na chokaa, na Mombasa, na Malindi.

Alifariki Desemba 1903, katika mwezi wa Ramadhani, akazikwa humo humo Alderley katika ardhi isiyo ya kanisa. Imamu wa ubalozi wa Dola ya Uthmaniya alimsomea dua kaburini, na Sheikh Abdullah Quilliam akaongoza sala ya jeneza msikitini Liverpool. Husimuliwa kwamba mdogo wake alivua kofia pale kaburini, na ndugu mwingine akamnong’oneza kwa hasira kwamba ni viatu, si kofia. Walikosea wote wawili, lakini nia yao ilikuwa njema.

“Sasa huyu,” akauliza kijana, “aliposilimu hakuliacha jina la Stanley?”

Nikamwambia hakuliacha. Aliongeza lake mbele, la baba yake akaliacha mahali pake. Nikamkumbusha alilokwisha kulisikia madrasa, kwamba tumeamrishwa kuwaita watoto kwa baba zao, na kwamba kumlea mtu hakuhitaji kumfutia nasaba. Kisha nikamweleza marehemu baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Nilishtuka kuona ni machache mno niliyowahi kumwambia. Tulikaa chini ya miembe ile hadi adhana ya alasiri.

Fomu tuliijaza usiku huo huo katika nyumba ya wageni. Aliiandika mwenyewe, kwa wino, jina lake, la baba yake na la babu yake. Mimi nilitia saini kwenye mstari wa mlezi.