Namba A

Mwezi Machi fundi wangu wa Kashai alifungua kizibo cha oili cha Carina, akachovya kidole, akanionyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Madam, maji yameingia. Gasketi imeungua tena."

Neno lililoniuma hapo ni "tena". Gasketi ya kwanza niliibadilisha Julai mwaka juzi, nikalipa 320,000 pamoja na ufundi. Baada yake ikaja rejeta, alteneta, shokapu za mbele, halafu stelingi iliyokuwa ikigonga kila nikikata kona ya kwenda kwetu Maruku. Kwenye simu nina ukurasa unaoitwa "Gari", naandika kila shilingi. Jioni ile nilijumlisha nikiwa nimekaa kwenye benchi la gereji: 2,860,000. Wiki moja kabla, dalali mmoja alikuwa ameniambia kwamba kwa Carina hiyo, ikiwa inatembea, hawezi kuzidi milioni mbili na nusu. Sasa haitembei.

"Hedi yenyewe imepinda," fundi aliendelea. "Unaweza kutafuta injini nyingine iliyotumika, ni kama milioni moja na nusu na kuifunga. Lakini ningekuwa mimi, ningetafuta gari."

Ushauri huo si wa kawaida. Fundi anayekuambia uache kuleta gari kwake anakuhurumia kweli.

Ni Carina Ti ya 1998, injini 5A, cc 1500. Namba yake ni ya A, na kwa mtu wa Tanzania hilo linatosha kueleza umri. Tunayasoma magari kwa herufi: A ni babu, B ni mzee wa mtaa, D bado ana nguvu, E amefika juzi. Baba alilinunua mwaka 2007 kwa mtu wa Mwanza. Alilileta mwenyewe, akavuka na pantoni ya Kigongo–Busisi, akapita Geita na Biharamulo, akafika Maruku usiku akipiga honi tangu barabarani. Alikuwa mfanyakazi wa kituo cha utafiti wa kilimo hapo hapo Maruku, wale watu wa migomba na kahawa, na alikuwa ametembea kwa baiskeli miaka yote ya utoto wangu.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, nilikuwa kidato cha nne na niko nyumbani wakati tetemeko lilipopiga. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Ukuta wa chumba cha wavulana ulipasuka kutoka dirishani hadi chini. Watu wengi wa Bukoba walilala nje siku zile wakiogopa kurudi ndani, na sisi tulilala kwenye Carina usiku tatu. Mama alikuwa kiti cha mbele kilicholazwa, mimi na mdogo wangu nyuma. Baba alikaa kwenye usukani, ameshika stelingi kwa mikono miwili hata akiwa usingizini. Kaka alilala chini ya mparachichi akisema gari linanuka miguu.

Baba alifariki 2022. Baada ya matanga ukoo ulikaa uani kugawa. Kaka akawa musika, yaani mrithi mkuu, akapata nyumba na sehemu kubwa ya kibanja. Mdogo wetu wa kiume akapata upande wa chini wenye kahawa. Ilipofika zamu yangu pakawa na kimya kidogo, kisha baba mdogo akasema, "Huyu ni binti, ni mtu wa safari. Mpeni chenye magurudumu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Wakati huo Carina ilikuwa na thamani ya kama milioni sita, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kazi ya ualimu mjini. Nilijiona nimependelewa. Shamba ningelifanyia nini saa moja asubuhi nikiwa na kipindi?

Na hapa lazima nikiri jambo. Ninafundisha Uraia. Kila mwaka, tukifika kwenye haki za binadamu, ninawasimulia wanafunzi kesi ya Holaria Pastory, kwa sababu ni ya hapa hapa kwetu. Holaria alikuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akitaka mauzo yabatilishwe. Sheria ya mila ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, lakini si kuliuza. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo ilikuwa inambagua mwanamke kinyume na Katiba. Holaria akashinda. Ninaisimulia vizuri, hata wale wa madawati ya nyuma huinua vichwa.

Mwaka jana msichana mmoja alinyoosha mkono. "Madam, na wewe kwenu ulipata nini?"

"Gari," nikasema.

Darasa zima lilipiga makofi. Gari! Ufunguo ulikuwa juu ya meza, pembeni ya chaki, wakauona. Niliwaacha waamini hivyo, nikaendelea na kipindi.

Sasa turudi kwenye benchi la gereji, mwezi Machi. Nilipokuwa nikiangalia ile 2,860,000 nilielewa kwa nini nimekuwa mkaidi kwa miaka miwili. Mtu mwingine yeyote angeliuza gari hilo tangu gasketi ya kwanza. Mimi nilikuwa nalipia ili urithi wangu usiishe. Kibanja cha kaka hakiendi gereji. Sisemi hakina gharama; mnyauko wa migomba umewaliza watu Kagera tangu 2006, samadi ni pesa, na kaka anaamka kabla ya jua. Kila Jumapili hutuletea mkungu mimi na Mama. Lakini miaka ishirini ijayo kibanja kitakuwepo. Carina haikuwa hata na uhakika wa kuuona mwezi wa Aprili.

Nilipotangaza kwamba natafuta gari, kila mtu alikuwa na la kwake. Kaka alitaka Kirikuu, "tutabebea ndizi", na ile "tu" niliisikia vizuri. Walimu wenzangu walisema IST, kwa kuwa nusu ya maegesho yetu ni IST na wanazijua spea zake kama majina ya watoto wao. Dalali alinitumia picha za Forester nyeusi kila asubuhi kabla ya chai. Mama hakujali jina. Ana goti bovu na kila mwezi nampeleka kliniki ya presha, kwa hiyo alitaka gari asilopanda kama anapanda mti.

Nilijaribu pia habari ya kuagiza Japani. Magari haya hutoka kule yakiwa bado mazima kwa sababu serikali yao hulazimisha ukaguzi, wanauita shaken, ambao baada ya miaka mitatu ya kwanza hurudi kila baada ya miaka miwili. Gharama zake humfanya mwenye gari aone bora aliachie. Linaloachwa huko ndilo tunalopiga nalo picha huku. Lakini ukifungua kikokotoo cha TRA unatulia. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kufuatana na cc, na juu ya hapo asilimia 30 ya uchakavu likizidi miaka kumi. Unalinunua kwanza kwa Mjapani, halafu kodi inakukaribia bei ya gari lenyewe. Nilifunga simu.

Fundi ndiye aliyenipa kanuni niliyoifuata: "Nunua gari ambalo nikikuambia kifaa kimekufa, unakipata hapa hapa mjini mchana. Usinunue la kusubiri basi la Dar."

Mwezi Mei nikapata Toyota Passo namba D, ya nesi mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma. Cc 1000, silinda tatu, rangi ya maziwa mgando. Wanaume wa shuleni waliita kikombe. Milioni nane na laki mbili: nne za mkopo wa SACCOS, zilizobaki akiba yangu. Tulikwenda pamoja kubadilisha umiliki, na kwa mara ya kwanza nikaona kadi ya gari yenye jina langu.

Yule nesi aliponiuliza kama la zamani nimeshaliuza ndipo nilipoitafuta kadi ya Carina. Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki ndani ya Biblia ya Baba. Mmiliki: Baba. Miaka mitatu nilikuwa naendesha gari la marehemu.

Fundi alikuwa tayari kunipa 1,600,000 alichinje kwa ajili ya spea. Lakini ili nimuuzie kihalali, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na sisi hatukuwahi kufungua mirathi. Ukoo ulikaa, ukala, ukagawa, basi. Kufungua mirathi maana yake ni muhtasari wa kikao cha familia, majina ya warithi wote, na orodha ya mali zote za marehemu, si gari peke yake. Nyumba iandikwe, na kibanja kiandikwe. Na karatasi ile ikifika Mahakama ya Mwanzo, haitaandikwa kwamba binti ni mtu wa safari.

Nilimweleza kaka jioni moja, amekaa anamenya ndizi na Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, panga limelala magotini.

"Kwa gari la milioni moja na nusu ufungue mahakama? Mpe fundi alikate, nani atauliza kadi?"

"Mimi nitauliza."

"Mgomba ukishapata mnyauko unauandikia barua? Unaung'oa."

"Baba alikuwa anasema uung'oe ukiwa umeandikisha unang'oa mingapi," nikajibu, na ni kweli, kituoni kwao kila kitu kiliandikwa. Mama alicheka kidogo kisha akajizuia.

Kaka hakukasirika. Ningependa kusema alikasirika, ingekuwa rahisi. Alionekana mtu aliyechoka, mwenye watoto wanne na mashina ya migomba anayoyajua moja moja. "Unataka shamba?" aliuliza taratibu. "Ungesema siku ile."

Hilo ndilo jibu ambalo sikuwa nalo, na sina hadi leo. Siku ile nilicheka.

Niliikodia Carina gari la kuvuta, elfu themanini, matumizi ya mwisho kwenye ule ukurasa wa simu. Ikapandishwa kutoka mjini, ikapita kwenye chai, ikaingia uani kwa mgongo. Niliielekeza iwekwe kwenye kibanja, kati ya mparachichi na mstari wa kwanza wa migomba ya kaka. Chini ya kiti nikakuta spana namba 10 ambayo kwa mwaka mzima nimemshutumu mdogo wangu kuiba. Nilimpigia Dar kumwomba radhi, na kumwambia kuhusu mirathi. Alinyamaza, kisha akasema yeye hana shida, mradi kaka aseme kwanza.

Kaka amesema Krismasi, watu wote wakiwepo. Muhtasari wa kikao nitauandika mimi, kwa kuwa ndiye mwalimu. Mwezi uliopita aliniambia nilitoe gari lile shambani kwake kwa sababu linaziba njia ya toroli la samadi. Nikamjibu kwamba lina jina la Baba na limesimama kwenye shamba la Baba, hivyo tumwulize msimamizi. Akatikisa kichwa, akaenda kukata njia nyingine upande wa pili.

Passo inapanda vizuri hata kwenye tope. Mama anaingia bila kuegemea. Ukikunja viti vya nyuma inabeba mikungu mitatu. Carina imeachwa kioo kimoja wazi, na kuku wa Mama anatagia kwenye kiti cha nyuma, upande niliolala mimi.