Ukimya wa Walio Mbali



Mwenyekiti wa mkutano, awe wa kijiji, wa AMCOS au wa jumuiya ndogondogo, ana swali moja analolipenda kuliko yote: “Kuna mwenye pingamizi?” Watu wakinyamaza, anaingia ajenda inayofuata, na katibu anaandika kuwa wajumbe wote wameridhia. Juma hili nimelifikiria sana swali hilo, baada ya kusoma namna watengenezaji wa programu huria za kompyuta wanavyofikia maamuzi yao. Nao, pamoja na elimu yao yote, wanaliegemea swali lilelile.

Programu huria, kwa ambao jina hili ni geni, ni zile ambazo msimbo wake chanzo uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuwagawia wengine. Wanaoziandika wametawanyika katika nchi nyingi. Wengine wanajitolea, wengine wanalipwa na makampuni tofauti, na hakuna bwana mmoja awezaye kuwaamuru wote. Kwa hiyo hujadiliana kwa maandishi, mbele ya macho ya kila mtu, hoja kwa hoja.

Katika miradi ya taasisi ya Apache, iliyoundwa mwaka 1999, anayekubali huandika +1, anayepinga huandika −1, na kura kwa kawaida huachwa wazi saa 72, ili usiku wa mmoja na mchana wa mwingine visimfungie mtu nje. Anayepinga badiliko la msimbo analazimika kutoa sababu ya kiufundi. Asipoitoa, pingamizi lake halina nguvu. Sharti hilo nimelipenda mno. Ni mikutano yetu mingapi ingekwisha kabla ya jua kuzama kama kila anayepinga angedaiwa sababu! Lakini mambo mengi hayafiki hata kwenye kura. Mtu hutangaza anachokusudia kufanya, husubiri, na wenzake wakinyamaza huhesabiwa kuwa wameafiki.

Msidhani kwamba kwa utaratibu huo wamepona ugomvi. Debian, mradi ulioanza mwaka 1993 na wenye katiba yake tangu 1998, ulitikisika mwaka 2014 kwa sababu ya programu moja tu, ile inayotangulia kuamka kompyuta inapowashwa na kuziamsha nyingine. Kamati ya ufundi iligawanyika nne kwa nne, na mwezi Februari mwenyekiti akaamua kwa kura yake ya turufu. Mabishano yakaendelea hadi Novemba, wanachama wote wakapiga kura, na pendekezo lililoshinda lilisema kwamba hapakuwa na haja ya azimio la wote. Nilicheka niliposoma, kisha nikaona kuna hekima ndani yake. Hata hivyo wapo waliojitenga wakaanzisha mradi wao, Devuan.

Kujitenga huko ndiko kunakoipa mijadala yao uzito. Msukuma aliyeishiwa malisho huswaga ng’ombe wake kuelekea Usangu au bonde la Rukwa, na anakotoka kundi linapungua. Katika programu huria anayehama huhama na kundi zima, na kundi zima hubaki zizini. Septemba 2010, miezi michache baada ya Oracle kuinunua kampuni ya Sun iliyousimamia mradi wa OpenOffice, sehemu kubwa ya jumuiya ya mradi huo iliondoka namna hiyo, na LibreOffice ikazaliwa. Ng’ombe waliongezeka maradufu kwa siku moja; wachungaji ndio hawakuongezeka. Kiongozi mwenye akili hajisumbui kuwatisha watu ambao wanaweza kuondoka na kila kitu. Huwasikiliza.

Sisi wa Bariadi tunayo shule yetu ya mambo haya. Katika dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ndimo zilimopangwa taratibu za kulinda ngitili, yale malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi, na adhabu ya anayeingiza mifugo humo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, wakati Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa huo, ulistawi kwa sababu uliziegemea desturi kama hizo. Barazani watu huonana. Mzee akinyamaza huku akichora ardhini kwa fimbo, kila mtu anajua kwamba hajaridhika, na neno halifungwi mpaka aulizwe. Nisilisifu kupita kiasi: lilikuwa hasa baraza la wanaume, na ukimya wa mama aliyekuwa akiteka maji wakati huo haukusomwa na mtu yeyote.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Takwimu za vitabu vya MTUHA, anavyovijaza muuguzi wa zahanati huko Meatu au Itilima, huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameishughulikia kwa miaka mingi. Mlango wa mjadala u wazi. Lakini mjadala wenyewe hufanyika zaidi kwa Kiingereza, kwa lugha ya mafundi, na saa 72 za mtu mwenye foleni ya wajawazito si saa 72 za mtu aliyeketi ofisini. Akinyamaza, ameafiki nini?

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya tatu ya Kanuni yake, anamtaka abate aiite jumuiya nzima penye jambo zito, awasikilize hata vijana, ndipo aamue. Abate huyo, lakini, huwaona watawa wake mezani kila siku.

Kiswahili kimeshawahi kuingia humo. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili, na iliwabidi kwanza wakubaliane maneno. Mtumiaji alisemeshwa kwa lugha yake. Kujibu kwa lugha hiyohiyo ni kazi nyingine.

Nimemwomba muuguzi mmoja wa huku aandike kwa Kiswahili yale ambayo angependekeza kuhusu fomu anazozijaza. Ameandika mambo matatu, ukurasa mmoja na nusu. Mwalimu wa sekondari ameshafasiri mawili. La tatu anasema bado halielewi, na Jumamosi atakwenda zahanati akaoneshwe.