Ndege wa Kiwayu na Visiwa vya Kiunga

Msafiri atokaye Lamu kwa mashua kuelekea kaskazini huipita Pate, kisha Ndau, hata akafika Kiwayu, kisiwa chembamba kirefu kinachopigwa na bahari kuu upande mmoja, na upande wa pili kimetulia kwa mikoko. Hapo ndipo ianziapo Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979, nayo huendelea hadi karibu na mpaka wa Somalia. Ndani yake mna visiwa vidogo vipatavyo 50, vingi vyao ni miamba isiyo na maji matamu wala mtu. Wenyewe ni ndege.

Tulikwenda mwezi wa Septemba, upepo wa kusi umelegea, familia nne pamoja na watoto. Kiongozi wetu, kijana wa Kibajuni, aliweka sharti moja kabla ya kung'oa nanga: visiwani hatushuki. Watoto walinuna, na mama zao wakawatetea. "Mtawaona kwa darubini, mama zangu," akajibu kwa upole, wala hakulegeza.

Na kweli tuliwaona. Buabua walitanda juu ya mwamba kwa mamia, weupe, wengine kifuani wana wekundu hafifu kama wa waridi, ambao ni pambo lao la msimu wa kutaga. Yai ni moja au mawili, huwekwa mwambani au chini ya majani, bila kiota cha maana. Mtu akishuka, alieleza kijana, wazazi wote huruka kwa pamoja. Jua likalichoma yai, na shakwe, ambaye daima hungoja pembeni, akapata karamu.

Bibi mmoja mzaliwa wa Faza alisema utotoni mwake wavuvi walileta mayai hayo kwa vikapu, yakachemshwa, yakaliwa. Akanigeukia: "Sheikh, kwani ni haramu?"

Nilimjibu kwamba yai la ndege asiyewinda kwa kucha asili yake ni halali, na mwenye njaa ana udhuru wake. Lakini imepokewa katika Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.), akiwa safarini, aliwakuta masahaba wamechukua makinda ya ndege mdogo, na mama yao anapigapiga mbawa kwa uchungu, akaamuru yarudishwe. Nasi mashuani tulikuwa na wali, samaki na halua.

"Basi na wavuvi nao wapate cha kula, Sheikh," akasema. Sikuwa na la kumpinga. Hifadhi inayowalinda ndege na kumsahau mvuvi haitadumu.

Alasiri, maji yakiwa yamekupwa, tulishuka kwenye fungu la mchanga ambako hakuna mayai. Huko walikuwapo membe, ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Hao hutagia pwani za Omani na Ghuba, na pia Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, kisha huja kwetu msimu ugeukapo, njia ile ile ya majahazi ya zamani. Huja na mtoto wao.

Binti wa miaka saba ndiye aliyemwona wa kwanza: kinda la kijivu, limekwisha kuwa kubwa sawa na mzazi, linamfuata nyuma kwa kilio likiomba kaa. Mama akampa. Akaomba tena. Akina mama wakacheka hata nahodha akapiga kelele kwamba maji yanajaa.