Ukwapi Bila Utao

Mwaka jana nilikaa miezi minne bila kusema na mpwa wangu. Kilichotugombanisha ni nusu ya mshororo, mizani nane tu, na leo nataka kuwaeleza wapenzi wa ushairi jinsi ugomvi huo ulivyonifikisha mahali ambapo sikutarajia kufika: kwenye muziki wa Mmarekani mmoja aitwaye Steve Reich, na kutoka huko hadi kwenye takhmisi.

Marehemu baba yangu alikuwa mtunzi ambaye hakuchapisha diwani. Jioni, baada ya kazi, alikuwa akighani tungo zake mbele ya redio kaseti, na kati ya kanda zote alizozijaza, moja tu ndiyo iliyonusurika. Niliitia katika droo ya kabati, nikaifunika kwa kitambaa, nikajiita mhifadhi. Mpwa wangu, anayetayarisha muziki kwa kompyuta katika chumba cha kupanga mjini Tanga, aliniomba aihamishe sauti hiyo kabla utepe haujaoza. Nikamkabidhi.

Baada ya wiki tatu akaniletea kwa simu kazi yake. Nilisikia ngoma, kisha besi, kisha sauti ya baba ikisema: "Bahari haina njia." Ngoma ikaendelea. "Bahari haina njia." Mara ishirini, mara thelathini, sauti ikizidi kujipishana na mwangwi wake. Nikangoja utao ufike. Haukufika.

Kila mtunzi anaelewa kwa nini nilighadhibika. Mshororo kamili wa baba ulikuwa huu: "Bahari haina njia, ila kwa anayejua." Ukwapi unafunga mlango na utao unaufungua. Ukiutwaa ukwapi peke yake, umemfanya mtu mwenye matumaini aseme maneno ya mtu aliyekata tamaa. Nilimpigia simu, nikamwambia maneno ambayo mjomba hapaswi kumwambia mpwa wake. Akanijibu kwa utulivu, "Mjomba, nisamehe, lakini sikukusudia kumvunjia Babu heshima." Nikakata simu.

Katika mwezi wa nne wa kimya chetu alinitumia muziki usiokuwa wake. Ilikuwa albamu iitwayo Reich Remixed, iliyotolewa mwaka 1999, ambamo wasanii wa muziki wa kielektroniki walizichukua kazi za Reich na kuzitengeneza upya. Wamo Coldcut wa Uingereza, Ken Ishii na Nobukazu Takemura wa Japani, na DJ Spooky wa Marekani. Chini yake aliandika sentensi moja: "Mjomba, huyu bado yu hai, na aliwaruhusu."

Nilisikiliza kwanza ili nipate hoja za kumshinda. Ndipo nikajifunza kwamba Reich, aliyezaliwa New York mwaka 1936, mwenyewe alianza kwa kukata sauti za watu. Mwaka 1965 alichukua sauti ya mhubiri wa mtaani aliyemnasa San Francisco akihubiri habari za gharika ya Nuhu, akairudiarudia kwenye mashine mbili za kanda. Mashine hizo hazikwenda sawa kabisa; moja iliitangulia nyingine kidogo kidogo, na katika pengo hilo ukazaliwa muziki. Mwaka uliofuata alitunga Come Out kwa sauti ya Daniel Hamm, kijana mweusi wa Harlem aliyepigwa na polisi mwaka 1964. Kijana huyo anasimulia alivyolazimika kulibinya jeraha lake lililovilia damu ili damu itoke na ionekane, maana bila hivyo asingepelekwa hospitali. Kazi hiyo ilisikika katika hafla ya kuchangia fedha ili kesi ya vijana hao sita isikilizwe upya.

Huo ndio mtindo wanaouita minimalizimu: malighafi haba, marudio mengi, na badiliko linaloingia polepole mpaka msikilizaji agundue kwamba amekwisha hamishwa. Kwetu sisi tuliolelewa na kibwagizo, jambo hili si geni. Mshororo wa mwisho hurudi vilevile katika kila ubeti, lakini haumaanishi vilevile, kwa sababu ubeti uliotangulia umeuongezea uzito.

Nilipofika kwenye ngoma za Drumming nilikaa kimya zaidi. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza upigaji ngoma wa Waewe kwa fundi Gideon Alorwoyie; malaria ikaikatiza safari yake. Aliporudi Marekani alitunga Drumming, iliyokamilika mwaka 1971. Katika albamu ile ya 1999, kazi hiyo iko mikononi mwa Mantronik, mzaliwa wa Jamaika aliyejijengea jina katika hip hop ya New York. Nikajiuliza: nani hapa ndiye mwenye ngoma? Reich alijifunza kwa bwana wa Kiewe, kisha akatunga chake. Mtoto wa Jamaika akakitwaa hicho, akakifanya chake. Na Reich naye hakuwa mtoaji tu. Mwaka 2013, jijini London, ilipigwa kwa mara ya kwanza kazi yake Radio Rewrite, aliyoijenga juu ya nyimbo mbili za bendi ya Radiohead. Mzee wa zaidi ya miaka sabini alikuwa akiwajibu vijana.

Hapo nikaikumbuka takhmisi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alizichukua beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na kila mishororo miwili ya mkongwe akaitangulizia mitatu yake, ikawa mitano. Hatumwiti mwizi. Tunasema alimheshimu Liyongo kwa kumpa makazi mapya. Kama mpwa wangu alikosa, basi kosa lake halikuwa kuigusa sauti ya marehemu, maana mkono ulio juu ya kazi ya mwingine ni mila yetu ya kale.

Hata hivyo, sikuuona ugomvi wangu kuwa upuuzi. Katika takhmisi, mishororo ya mkongwe hubaki mizima, nayo ndiyo yenye neno la mwisho. Na nilipoirudia Come Out niligundua jambo: kabla ya kuyatenga yale maneno machache na kuyarudia mpaka yageuke sauti tupu, Reich anamwacha Hamm aseme sentensi yake yote, mara tatu. Msikilizaji anapoingia katika ukungu wa marudio, anajua maneno yale yalitoka wapi na damu ilikuwa ya nani.

Nikampigia simu mpwa wangu. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwambia hilo: mwache Babu aseme mshororo mzima kwanza, kisha kata utakavyo. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mjomba, utao niliusikia. Niliusikiliza labda mara mia. Lakini mimi ninachokielewa ni kile kipande cha kwanza. Cha pili bado sijakifikia."

Sikuwa na jibu. Miaka kumi na moja nilikuwa na kaseti ile, wala sikuwahi kuisikiliza hata mara moja, kwa kuogopa kulia. Kijana ambaye nilimwita mharibifu alikuwa ameisikiliza mara mia, akitafuta ndani yake mahali pa kusimama. Kumbe mimi niliyejiita mhifadhi nilichohifadhi ni droo.

Alirekebisha. Sasa kazi yake inaanza na baba akiughani mshororo kwa ukamilifu, pamoja na kikohozi chake katikati, ambacho mpwa wangu alikataa kukifuta. Ngoma inaingia baadaye. Utao haurudi tena mpaka mwisho, na hilo tumekubaliana libaki hivyo, ni lake.

Nami nimetimiza wajibu wangu kwa kalamu. Nimeanza kuutia takhmisi utungo ule, nikivifuata vina vya baba, na ubeti wa kwanza ni huu:

Mjukuu kaingia,
mawimbini asikia,
sauti yamrudia:
Bahari haina njia,
ila kwa anayejua.

Mitatu ya juu ni yangu. Miwili ya chini ni yake, na sijaigusa.